Uliza tabibu: Zahanati iko mbali na masika yamekaribia

Barua za wiki hii zimetoka vijijini karibu zote. Nimechagua nne.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza alitoka kwa upasuaji. Zahanati iko kilomita 14, na masika yakikolea hata bodaboda hapiti. Nimeambiwa nipige 115. Inatosha? (Kilombero)

Namba 115 ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na kuipiga ni bure. Simu yako inapokelewa na kituo cha uratibu cha mkoa. Wanauliza dalili, wanaamua mgonjwa apelekwe wapi, kisha wanatuma gari la wagonjwa au, kama haliko karibu, dereva wa maeneo yenu aliyesajiliwa. Dereva huyo analipwa na mfumo, wewe hudaiwi kitu. Iandike ukutani hata kwa mkaa.

Kwako wewe, hata hivyo, haitoshi. Dereva naye anahitaji barabara, na simu yako inahitaji mtandao. Halafu kuna kubwa zaidi: mama mwenye kovu la upasuaji hatakiwi kujifungulia zahanati hata kama angekaa nyumba ya pili yake. Zahanati haipasui wala haiongezi damu. Kovu likiachia katikati ya uchungu, hakuna muda wa kuanza kutafuta usafiri.

Kwa hiyo safari ijayo ya kliniki nendeni wote wawili, mwombe muuguzi aandike rufaa ya kujifungulia hospitali ya wilaya, au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Uliza kama wana nyumba ya mama ngojea, ambako wajawazito wanaotoka mbali hukaa wakisubiri siku zao. Aende wiki mbili tatu kabla ya tarehe. Chakula mara nyingi ni juu ya ndugu, basi anza sasa kutenga unga na kumtafuta wa kumpikia. Mama mkwe akisema yeye alizaa saba nyumbani, msikilizeni kwa heshima, kisha mpande gari.

Akitoka damu, akiumwa kichwa sana huku macho yakiona kiwi, akipata degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, tarehe haina kazi tena. Piga 115 saa hiyo hiyo.

Mwanangu ana miaka mitatu. Tunaambiwa matibabu yake ni bure, lakini kila nikienda nesi ananiandikia dawa nikanunue dukani. Je, anaziuza? (Handeni)

Huenda, ila mara nyingi kabati ni tupu kweli. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe malipo watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Msamaha peke yake haujazi kabati. Dawa zinaletwa na MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, kwa oda ya zahanati yenyewe, na MSD wakikosa, zahanati inaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeingia mkataba na mkoa.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati zimeanza kupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao. Maana yake, swali la "mliagiza nini, kimekuja nini?" lina wa kulijibu hapo hapo kijijini: kamati ya usimamizi wa zahanati, ambayo ina wajumbe wananchi. Wajumbe hao wanatakiwa washuhudie dawa zikipokelewa. Kuna vijiji ambako mjumbe mwenyewe hajui kuwa ni mjumbe! Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu; simama uombe taarifa ya dawa isomwe. Ni bora kuliko kugombana dirishani na nesi ambaye pengine yuko zamu peke yake tangu juzi.

Baba aliumwa na nyoka shambani. Tulimfunga kamba, tukabandika jiwe jeusi, akapona. Kwa nini mnalikataa jiwe? (Uyui)

Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na hata wenye nayo wakati mwingine huuma bila kuimwaga. Huenda baba angepona bila jiwe. Mimi kamba ndiyo inayonitisha: inakata damu, na mguu unaweza kuoza. Msichanje, msinyonye. Mvueni viatu na pete, funga mguu na kijiti kama uliovunjika ili usitikisike, kisha mbebeni, asitembee. Mmoja apige simu hospitali aulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, maana zahanati nyingi hazinayo. Nyoka mwacheni aende.

Kuna kijana anapita majumbani akichoma sindano za malaria, bei chini ya nauli ya zahanati. Ni salama? (Nkasi)

Hapana. Malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto baada ya kipimo cha tone la damu, na majibu hutoka chini ya nusu saa. Sindano ya artesunate ni ya malaria kali, na mwenye malaria kali hatakiwi kulala nyumbani. Kijana huyo hapimi, kwa hiyo hajui anatibu nini. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila anachopewa au akipata degedege, msisubiri kukuche.