Chai Tupu Hadi Saa Tisa

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 31, nina kibanda cha uwakala wa pesa Mbagala. Nafungua alfajiri, nafunga saa tatu usiku. Miezi mitatu sasa nimekuwa mtu wa hasira. Watoto wakinisemesha jioni nawafokea, kisha najifungia chooni nalia. Mwili umechoka, moyo mzito. Asubuhi nakunywa chai ya rangi, saa nne nyingine, saa sita nyingine. Kama saa tisa ndiyo napata chipsi mayai na soda. Usiku ugali na mboga kidogo, nashushia na chai. Jirani ananiuzia vidonge vya kuleta furaha, boksi elfu sitini. Anasema pia nile ndizi nyingi kwa sababu zina homoni ya furaha. Nimwamini?
Mama wa wawili, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikahesabu vikombe: vinne kwa siku, na chakula cha kwanza kinakukuta saa tisa alasiri.

Elfu sitini yako kaa nayo. Ndizi kweli zina serotonini, hiyo homoni ya furaha anayoisema, ila hiyo ya kwenye ndizi haipenyi kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Ubongo hujitengenezea yake, na malighafi huipata kwenye protini: mayai, samaki, maharage, karanga, maziwa. Ndizi kula kwa utamu wake na kwa kuwa inashibisha.

Lakini chakula na moyo vina uhusiano. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona waliokuwa wakila vibaya. Kundi moja lilisaidiwa kubadili chakula, jingine likapewa mtu wa kuongea naye. Baada ya wiki 12, karibu theluthi ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 8. Jaribio ni dogo, na wengi waliendelea na matibabu yao, kwa hiyo usiache dawa ya daktari kwa ajili ya mchicha. Walichokula ni mboga, matunda, kunde, samaki, karanga, nafaka isiyokobolewa na mafuta ya zeituni. Ukitoa hayo mafuta, vyote utavipata sokoni Rangi Tatu.

Ninachokiogopa zaidi kwako ni damu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta karibu wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Madini ya chuma yakipungua mtu huchoka, hukosa subira, kila kitu humwia kizito. Na chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma cha mboga na maharage.

Haya nayajua mwilini mwangu. Mwaka niliofiwa na mume wangu niliishi kwa chai na mkate. Kila mtu alisema ni msiba, nami nikaamini. Mwezi wa tano dada yangu alinishika mkono tukaenda kupima: damu 8.1, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Msiba ulikuwepo, na bado upo. Ila sehemu ya ule uzito ilikuwa damu. Nikaandikiwa vidonge vya chuma, na dada akawa ananipikia dagaa.

Alikuwa anawaosha kwa maji ya moto, anawageuza mpaka mchanga ushuke chini ya beseni, anarudia mara tatu. Anawakaanga wakauke, vichwa na vyote, ndipo vitunguu na nyanya. Akishaipua anakamulia ndimu, kwa sababu ule uchachu husaidia chuma cha mchicha wa pembeni kuingia mwilini. Chai nilinyimwa mpaka saa nzima ipite.

Kwa hiyo anza hivi. Usiku loweka maharage, au chemsha mayai mawili. Asubuhi kunywa uji wa ulezi wenye karanga za kusaga kabla hujafungua kibanda. Saa sita fungua kontena lako la chakula hapo hapo kibandani, hata kama wateja wamesimama. Watasubiri dakika kumi. Chai iwe saa nne, peke yake. Mtindi ukiupata jioni, mpe kila mtoto kikombe, nawe unywe nao.

Ila wiki hii hii nenda kituo cha afya upime wingi wa damu, na umweleze daktari habari ya kulia. Miezi mitatu ni mingi. Sonona ina tiba, na ukipata wazo la kujidhuru usingoje kesho, nenda siku hiyo hiyo na mtu unayemwamini.

Ukishapima niandikie, uniambie damu imesoma ngapi.