Maswali Yenu: Huntington, nipime au nisipime?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba ana miaka 51. Mikono na mabega vinachezacheza bila yeye kutaka, hasira ziko karibu, na juzi majibu yametoka: Huntington, CAG 43. Nina miaka 26, sina dalili. Nipime? Na mwanangu wa miaka minne?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Huntington ni ugonjwa wa ubongo unaorithiwa. Uwezekano wako wa kuwa umerithi ni nusu kwa nusu, uwe wa kike au wa kiume. Ndugu yako akikutwa nayo, hesabu yako haibadiliki.

Jeni yenyewe, HTT, iko kwenye kromosomu ya 4. Iligunduliwa mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya kuchukua damu za koo zinazoishi kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ndani yake herufi tatu za DNA, CAG, hujirudia, na 43 ya baba ni idadi ya marudio hayo. Mara 26 au pungufu ni kawaida. Mwenye 27 hadi 35 haugui, ila idadi yaweza kupanda kwa mtoto wake. Kwenye 36 hadi 39 wengine huugua, wengine huzeeka salama. Kuanzia 40 ugonjwa huja, mtu akijaliwa umri. Ikipitia kwa baba idadi hupenda kupanda, kwa hiyo baba wa 43 anaweza kuzaa mtoto wa 46. Lakini namba haitaji mwaka wa kuanza kuugua, anayekutajia anabahatisha.

Usianzie kwenye sindano. Anza na mshauri nasaha, ukiwa na karatasi ya majibu ya baba mkononi. Jipe kama mwezi wa kutafakari, kisha ndipo itolewe damu, mililita 3 hadi 5, kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, yaani ya EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda. Ya heparini, kizuia-kuganda kingine, ikatae, huvuruga PCR, njia ya maabara ya kunakili kipande cha jeni ili kisomeke. Majibu yapokee ana kwa ana, ukiwa na mtu wako. Hata damu ikishatolewa, una haki ya kusema sitaki kujua.

Mtoto asiye na dalili hapimwi. Akifika miaka 18 ataamua mwenyewe.

SWALI: Mjomba wetu ana dalili zote za Huntington, lakini kipimo kinasema HTT iko sawa. Maabara imekosea?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si lazima. Upo ugonjwa unaofanana nao kama pacha, HDL2, ulioelezwa mwaka 2001. Karibu familia zote zilizokutwa nao zina asili ya Afrika, nyingi zikiwa Afrika Kusini. Kwetu huku ndio wa kuuliza mapema, si mwishoni. Kosa lake liko kwenye jeni ya JPH3, kromosomu ya 16, kwa hiyo kipimo cha HTT hakiwezi kuliona. Mwombeni daktari aandike JPH3 kwa jina.

Na tazameni karatasi: je, namba za CAG ni mbili, ya nakala ya jeni kutoka kwa mama na ya kutoka kwa baba, au ni moja? Moja huweza kuwa halali, nakala zote mbili zikilingana. Lakini pia PCR ya kawaida hushindwa kunakili kipande kirefu sana, hasa kwa mgonjwa aliyeanza kuugua utotoni, na kinachobaki kuonekana ni kile cha kawaida tu. Ikiwa ni hivyo, ombeni PCR inayoanzia ndani ya marudio yenyewe.