Andika jina kabla anayelijua hajaondoka

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Bristol, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huko. Mumewe ameachiwa na bibi yake kidani chenye uso wa mwanamke uliochorwa kwa rangi za maji juu ya pembe ya ndovu, hakizidi upana wa vidole viwili. Alitaka kujua kinasafishwaje, na kama anaweza kumvisha bintiye siku ya harusi, Mombasa. Yule mwanamke ni nani? Hilo hakuuliza.

Ngoja niwaambie yaliyonikuta mimi, maana najua wengi wenu mko nilipokuwa: mmeingia kwa ndoa kwenye ukoo wenye makabati ya vitu vya zamani, na mnataka watoto wenu wavirithi kwa heshima, siyo kama wageni.

Mama mkwe wangu, Mwingereza wa Yorkshire, alikuwa na pini ya kifuani yenye sura ya kijana wa koti la buluu. Nyuma yake, chini ya kioo, kulikuwa na nywele zilizosukwa vizuri kuliko nilivyowahi kusukwa na shangazi zangu Tanga. Aliivaa siku ya ndoa yetu. Mimi nimekulia nyumba ambayo kila bangili ina maelezo yake: hii ya mahari ya bibi, hii iliwekwa rehani ikakombolewa. Kwa hiyo nikamuuliza, "Mama, huyu ni nani?" Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa miaka mingi. Alianza kueleza na hakunyamaza. Jumapili baada ya Jumapili nilikaa naye na daftari: jina la kijana, dada yake aliyeivaa baada yake, ilipitia kwa nani, nani aligombana na nani. Wifi yangu alikuwa akicheka, "Unaandika maelezo kama polisi."

Mama alipofariki, wifi akasema pini ni ya watu wa damu ya ukoo, siyo ya mke aliyeolewa. Habari za wakili nitaziruka. Tukaipeleka kwa mthamini, akaitazama kwa lenzi, akaandika: mwanaume asiyejulikana, karibu na mwaka 1790. Wifi akanyamaza. Nikafungua daftari. Mthamini alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaniomba ruhusa anakili. Mungu anisamehe, raha ile bado ninayo. Lakini nje, kwenye maegesho, wifi aliniambia, "Wewe umemjuaje babu yetu?" Na hilo nalo bado ninalo.

Nimemjua kwa kuuliza, wifi. Njia ilikuwa wazi kwetu sote.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuzunguka makumbusho nikitazama picha hizi, na ninachokiona kila mara ni kilekile. Pale Victoria and Albert, London, kuna picha iliyochorwa na Nicholas Hilliard karibu mwaka 1600: kijana mwenye shati wazi, nyuma yake ndimi za moto, mkononi ameshika kidani kilichoning'inia shingoni mwake. Moto ule ni mapenzi, na bila shaka kuna aliyelengwa. Leo kibao kinasema mtu asiyejulikana. Hilliard alifunzwa usonara, na katika maandishi yake kuhusu kazi hii alimwonya mchoraji avae hariri ili vumbi lisidondoke, aangalie mba za kichwani, na asizungumze juu ya kazi mate yasije yakarukia rangi. Uangalifu wote huo, halafu ukoo ukashindwa kuhifadhi neno moja!

Linganisha na kito cha Lyte kilichopo British Museum. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alimpa Thomas Lyte sura yake ndani ya dhahabu na almasi, shukrani kwa kuchorewa nasaba yake. Lyte hakungoja watu wakumbuke. Mwaka 1611 alichorwa picha kubwa akiwa amekivaa. Ndiyo maana leo hakuna anayebishana kilikuwa cha nani. Kujionyesha, mtasema. Sawa, lakini kumefanya kazi.

Wabaya zaidi ni wale wa mapicha ya jicho. Mwishoni mwa karne ya 18, mwana wa mfalme, yule aliyekuja kuwa George wa Nne, alimwoa Maria Fitzherbert kwa siri mwaka 1785, na wapenzi wa tabaka la juu, wenye siri kama yake, wakashika mtindo wa kuchorwa jicho moja tu ili mvaaji asiumbuke. Siri zimetunzwa kweli. Macho mengi yamebaki bila mwenyewe.

Sasa dada wa Bristol. Usikisafishe. Rangi za maji hufutika kwa maji, hata kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha kuondoa shavu. Usikifungue. Ukiona vitone ndani ya kioo, mpelekee fundi wa kuhifadhi sanaa, siyo sonara wa mtaani. Usikiache juani wala kwenye bafu lenye mvuke, pembe hujikunja na kupasuka. Udi na marashi kwanza, kidani mwisho. Na uandike jina.

Kuhusu Mombasa, usithubutu kukipakia kwenye sanduku tu. Pembe haivuki mpaka bila vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Kenya ndiyo nchi iliyochoma tani 105 za pembe mwaka 2016, usitegemee huruma ya forodha. Uingereza yenyewe imezuia biashara ya pembe tangu Juni 2022. Picha hizi zimeruhusiwa kuuzwa zikiwa za kabla ya 1918, hazizidi sentimita 320 za mraba, na zimesajiliwa. Kurithisha bila malipo hakuna usajili. Binti avae kwenye sherehe ya Bristol, Mombasa avae dhahabu ya bibi yake wa huko.

Nami mtoto wa Tanga siwezi kusema pembe nikapita. Katika karne ya 19 zilibebwa mabegani mwa watu kutoka bara hadi Pangani na Bagamoyo, zikavushwa Zanzibar, zikaenda kuwa funguo za piano na mengineyo ya wazungu. Majina ya wapagazi hao nani aliyaandika? Ndiyo maana nakereka mtu aliyekaa sebuleni, ana kalamu, ana mama mkwe hai, akiniambia hana muda.

Muda unao. Andika kwa penseli kwenye karatasi isiyo na asidi, uikunje ndani ya kisanduku, usiigundishe nyuma ya picha. Jina, ukoo, nani alimpa nani, nani amekwambia na lini. Nakala mpe mtoto mmoja, nyingine mtoto mwingine, hata kama hawaelewani. Na kama wakubwa wa ukoo wanakukwepa, mtafute yule shangazi aliyegombana na wote. Huyo hukumbuka kila kitu, na hakuna anayempigia simu.