Daktari kijana, anza na kinachokuudhi kliniki

Tangu niweke mtandaoni picha ya cheti cha kifaa changu cha kuvalia soksi za kubana, kutoka KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili uvumbuzi, simu yangu haipumui. Mmenipongeza wengi, asanteni sana. Wengine mmeuliza bei, tutafika huko. Ila kuna ujumbe mmoja umenikaa kichwani, wa daktari kijana ambaye ndiyo kwanza anamaliza mafunzo ya kazi: "Daktari, nina wazo la roboti ya kuchoma mishipa ya miguu kwa leza bila daktari kumgusa mgonjwa. Nianzie wapi? Na je, niache kazi nijitose?"

Nilimjibu kwa mistari miwili maana nilikuwa naingia theta, chumba cha upasuaji. Leo ni Jumapili, nina chai mezani, na najua swali hilo si lake peke yake. Nyinyi mnaosoma hapa kila mmoja ana wazo lake amelificha, kwenye simu au nyuma ya daftari la wodi. Basi nawaambia nilivyofanya mimi.

Kwa wageni: mimi ni daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu hapa Nairobi, na siku nyingi za wiki kazi yangu ni miguu. Wanaokuja ni walimu, wasusi, askari wa getini, wapishi wa hoteli, na akina mama waliozaa watoto kadhaa. Watu wa kusimama. Mshipa wa vena una vali ndani yake, vijilango vinavyoruhusu damu ipande kuelekea moyoni na kuizuia isirudi. Ukitembea, shavu la mguu linakamua damu juu, na shinikizo kwenye kifundo cha mguu linashuka. Mtu mzima akisimama tuli shinikizo hilo hufika kama milimita 80 au 90 za zebaki. Akitembea, na vali zake ni nzima, linashuka chini ya 30. Vali zikilegea, damu inarudi chini na shinikizo halishuki hata akitembea kutoka Westlands hadi Ngara. Mshipa unavimba na kujipinda, ngozi ya karibu na kifundo inageuka rangi ya kahawia na kuwa ngumu, halafu siku moja inapasuka kidogo tu, pengine kwa kugonga stuli, na hapo ndipo donda ndugu linapoanza.

Miaka ya uzamili siisimulii. Tulilala kidogo, tukala vibaya, tukahitimu.

Sasa, leza. Kila mtu anataka kuzungumzia leza, na mimi naipenda. Unamchunguza mgonjwa kwa ultrasaundi akiwa amesimama, unaona damu inarudi nyuma kwa zaidi ya nusu sekunde, unajua vali imekufa. Unaingiza uzi wa leza kwa tundu la sindano karibu na goti, unaupandisha hadi karibu na kinena, unazungushia mshipa maji baridi yenye dawa ya ganzi, kisha unauvuta taratibu huku mshipa ukijifunga nyuma yake. Mgonjwa anaondoka kwa miguu yake siku hiyo hiyo. Wakati wa daktari Trendelenburg, Ujerumani, karibu mwaka 1890, mshipa huo ulifungwa kwa uzi kupitia jeraha la pajani. Mwaka 1907 Babcock wa Marekani akaja na waya wa kuung'oa mzima kutoka ndani. Tumetoka mbali.

Lakini leza imeshavumbuliwa, rafiki yangu. Wenye pesa nyingi kuliko ukoo wako wote wanaiboresha kila mwaka. Wewe na roboti yako mtashindana nao kwa mshahara upi?

Mimi kilichoniudhi kliniki kilikuwa soksi.

Zile soksi za kubana, zinazobana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda. Ndizo zinazozuia donda lisirudi. Tunaziandika kila siku, mgonjwa ananunua kwa pesa anayoisikia mfukoni, anarudi baada ya miezi na donda limefunguka pale pale. Tunasema wagonjwa ni wabishi. Niliwahi kusema hivyo pia, mpaka akaja shosho mmoja kutoka upande wa Dagoretti. Soksi zilikuwa kwenye pakiti yake, zimekunjwa vile vile zilivyotoka dukani.

"Shosho, mbona hukuzivaa?"

"Daktari, hizi zako ni vita."

Nikamwomba anionyeshe. Akaketi kwenye kitanda, akaanza. Vidole vya mikono yake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Soksi ilipita vidole vya mguu, ikafika kisiginoni, ikagoma. Alivuta, ikarudi. Alivuta tena huku ameuma mdomo, jasho likaonekana chini ya kitambaa cha kichwa. Kisha akaniangalia, akaniambia kwa upole, "Sasa wewe jaribu." Nikapiga magoti sakafuni. Mikono yangu ni mizima na nafanya upasuaji kwa riziki, na bado nilihema.

Andika kitu kama hicho siku hiyo hiyo. Chora. Tia tarehe. Hiyo ndiyo nasaha yangu ya kwanza, na mkinivumilia mtaisikia tena.

Fremu za chuma za kuvalia soksi zilikuwepo ng'ambo zamani, sitadanganya mtu kwamba nimezigundua mimi. Unatandaza soksi kwenye fremu, mdomo wake unabaki wazi, unaingiza mguu. Lakini nilizoziona zilikuwa kubwa, ghali, na zilidai mtu mwenye mikono miwili imara na kitanda cha kuegemea. Yangu ina ubao wa kukanyagia, kwa hiyo ukiwa umeketi kwenye stuli mguu mwingine unaishikilia isiruke, na mikono ya fremu inakunjika kwa bawaba ikaingia ndani ya kiondo. Basi, hakuna stima wala skrini.

Niliipeleka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaotengeneza masanduku na majiko. Fundi niliyempata aliangalia mchoro wangu, akaugeuza juu chini, akasema, "Daktari, hii waya yako itapinda mtu akiwa mzito. Weka nene, halafu punguza urefu hapa." Alikuwa sawa. Kisha fremu ya kwanza ikachana soksi. Mahali pa kuchomelea palikuwa na kincha kidogo cha chuma ambacho jicho langu halikukiona, na soksi ya maelfu ya shilingi ikatoa uzi mrefu kama mstari wa penseli. Nilikasirika. Yeye alicheka, akachukua tupa, akakwangua, kisha akatoa soksi nyembamba ya nailoni, ya mke wake alisema, akaipitisha juu ya kila kiungo polepole. Ikinasa, anakwangua tena. Ikiteleza, anaenda kiungo kinachofuata. Hadi leo kila fremu inapimwa hivyo kabla ya kutoka, kwa soksi ya nailoni ya bei ya chini kabisa sokoni. Hakuna profesa aliyenifundisha hilo.

Mkidhani nawaambia mambo ya umaskini wetu wa Afrika, someni historia ya fani hii. Thomas Fogarty, Mmarekani, akiwa bado kijana anayefanya kazi hospitalini aliona watu wakipoteza miguu, na wengine maisha, kwa damu iliyoganda ndani ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, kwa sababu upasuaji wa kuitoa ulikuwa mrefu na mbaya. Alichukua katheta, mrija mwembamba wa njia ya mkojo, akafunga kwenye ncha yake kipande cha kidole cha glovu ya upasuaji kiwe puto, kwa vifundo alivyojifunza katika uvuvi wa samaki. Unaipitisha ikiwa imenywea, unaijaza ng'ambo ya bonge la damu, unavuta. Kampuni zilimkataa moja baada ya nyingine. Ilitumika kwa mgonjwa mwaka 1961, na mpaka leo ukija theta yangu na mguu uliozibwa damu ghafla, nitaomba katheta inayoitwa kwa jina lake.

Na hizo soksi zenyewe? Conrad Jobst hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi mwenye vidonda vya miguu, akagundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea maumivu yanapungua, maana maji hubana zaidi kadiri yanavyokwenda chini. Akatengeneza soksi inayobana kama maji. Daktari Tessari wa Italia, mwaka 2000, alionyesha kwamba sindano mbili na koki ya njia tatu zinatosha kugeuza dawa kuwa povu la kuziba mshipa: sehemu moja ya dawa, nne za hewa, unasukuma huku na huku mara 20 hivi. Sindano na koki! Ziko kwenye droo ya kila wodi nchini.

Sasa niwaambie jambo ambalo bado linaniuma, na sitataja jina la mtu. Katika mkutano mmoja wa madaktari, mkubwa wangu ambaye nilimheshimu, na bado namheshimu kama mpasuaji, alisikia ninahangaika na fremu akasema mbele ya wote, "Sisi ni wapasuaji, hatukusomea jua kali." Watu wakacheka. Wengine waliocheka wamenitumia pongezi juzi, nimeziona, nimesema asante. Halafu kuna kampuni moja ya kuagiza vifaa ambayo ilinialika chai, ikaomba sampuli, ikaomba michoro "ili wahandisi wetu waangalie". Sampuli niliwapa, kwa sababu ombi langu lilikuwa tayari limepokelewa KIPI na nilikuwa na nambari. Michoro sikuwapa. Wakanyamaza. Baadaye wakaanza kuleta fremu za nje kwa bei ambayo shosho wa Dagoretti angelazimika kuuza mbuzi. Naliombea hilo lipite moyoni, lakini kuomba ni jambo moja na kusahau ni jingine.

Kwa hiyo vijana, fungeni mdomo. Wazo lako usilipeleke kwenye kongamano, usiliweke kwenye bango, usimwambie mwenzako wa chumba cha madaktari, kabla hujaliwasilisha. Sheria yetu ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 inakupa miezi 12 ya huruma ukitoboa siri mwenyewe, lakini Ulaya hawana huruma hiyo: ukishaonyesha hadharani, basi. Tafuta kwanza kama mwingine amekutangulia. Hifadhi za hataza za dunia, yaani hati za kulinda uvumbuzi, ziko wazi bure, Patentscope ya WIPO (shirika la mali miliki la Umoja wa Mataifa) na Espacenet ya Ulaya, unaweza kutafuta ukiwa kwenye foleni ya matatu. Kama kifaa chako ni kipya na kinaweza kutengenezwa ila si ugunduzi wa kushangaza, omba cheti cha modeli ya matumizi, ulinzi mdogo kuliko hataza, kama nilivyofanya mimi. Kinadumu miaka 10, hataza kamili miaka 20. Na elewa kwamba mbinu ya kupasua mgonjwa haipati hataza Kenya. Kinacholindwa ni chombo. Mwone wakili anayejua kazi hiyo, maana maneno ya madai, yanayosema hasa unalinda nini, ndiyo ukuta wako, na mimi siwezi kukufundisha hapa. Andika, chora, tia tarehe.

Kamati ya maadili ya utafiti usiiruke hata kama kifaa chako ni fremu ya waya. Bodi ya Dawa na Sumu pia. Urefu wa barua hizo siusimulii, mtaupitia wenyewe.

Na tafadhali, usivumbue kitu kitakachomuumiza mgonjwa kwa sababu umesahau mambo ya mwaka wa tatu wa chuo cha udaktari. Nimewaona watu mtandaoni wakiuza soksi na vifaa vya kubana miguu bila kumshika mtu mguu. Kabla ya kumbana mgonjwa yeyote, tafuta mapigo kwenye mguu wake, na ukiyakosa pima shinikizo la kifundo ukilinganisha na la mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.5, damu ya ateri haimfikii vizuri, na soksi yako inaweza kumpotezea mguu. Hasa wavutaji sigara na wenye kisukari. Na mwenye kisukari usimwamini mara moja hata namba ikitoka nzuri, maana ateri zake ngumu zinaweza kudanganya kipimo. Mvumbuzi asiyejua haya arudi kwanza wodini.

Hapo ndipo ninapogombana na kizazi hiki, samahani. Mnataka kuanzisha kampuni kabla ya kuona vidonda mia. Mnajua kutengeneza slaidi za wawekezaji, hamjui kufunga bandeji ya tabaka nne. Muuguzi wa chumba cha vidonda anajua udhaifu wa vifaa vyetu vyote na hakuna anayemuuliza. Muulize. Mnunulie chai, kaa naye asubuhi nzima, usiseme chochote. Andika anachonung'unikia. Chora. Tia tarehe.

Kijana wa roboti, jibu lako la pili: usiache kazi. Mshahara ndio ulionilipia waya, soksi zilizochanika na nauli za Kamukunji, na wagonjwa ndio walionipa wazo. Ukiacha kazi utapoteza vyote viwili. Omba uhamishwe kliniki ya miguu kwa miezi michache ukiweza, kisha uniandikie tena uniambie ni nini kilichokuudhi huko. Nitakujibu kwa urefu.

Na mliouliza bei: bado tunazitengeneza chache chache, kliniki ina mbili za kujaribia. Njooni na soksi zenu wenyewe ili tujue kama ukubwa ni sahihi, na njooni asubuhi na mapema kabla mguu haujavimba, kucha zikiwa zimekatwa.