Maswali yenu kuhusu dawa za sarkoidosisi

Kaka wa Mkomani, Lamu: Nimepimwa TB haionekani, daktari kasema ni sarkoidosisi na hajanipa dawa. Ni sawa kweli?

Inaweza kuwa sawa kabisa. Kwenye sarkoidosisi, kinga ya mwili ndiyo inafanya vivimbe vidogo vidogo, sanasana mapafuni na kwenye tezi, na kwa wengi vinaondoka vyenyewe bila hata kidonge. Dawa zinaanza pumzi ikipungua, au ugonjwa ukiingia machoni, moyoni, kwenye ubongo. Kliniki usikose, na macho yapimwe hata kama unaona vizuri.

Mama wa Langoni: Prednisoloni imenifurisha uso na sukari imepanda. Nimepata nafuu, niache?

La mama, usikate ghafla! Hii ndio dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, mara nyingi inaanza miligramu 20 mpaka 40 kwa siku halafu daktari anaishusha pole pole kwa miezi, sababu ukiimeza muda mrefu mwili unazoea na unaacha kutengeneza homoni yake, sasa ukikata mara moja presha inashuka, unatapika, unaweza hata kuzimia ukafa. Mwambie daktari hiyo sukari, yeye ndiye wa kupunguza. Chumvi nayo ipungue, najua papa ng'onda ni mtihani. (Na nyie mnaoinunua dukani ili mnenepe, hebu acheni jamani.)

Dada wa Shela: Na Ramadhani?

Kama hiyo prednisoloni ni ya mara moja kwa siku, muulize daktari kama utameza daku pamoja na chakula, ila muulize KABLA ya mwezi kuandama. Kuruka dozi hapana, na mgonjwa ana ruhusa ya kula.

Kijana wa Malindi: Nimeandikiwa methotreksati, jirani asema ni ya kansa.

Jirani hajakosea sana, kwa dozi kubwa inatibu kansa. Wewe unapewa kidogo ili steroidi, yaani ile prednisoloni, ipunguzwe. Shida kubwa ni hii, inamezwa mara moja kwa WIKI, si kila siku, watu wameshakufa kwa kukosea hapo tu. Chagua siku, tuseme Ijumaa, iandike kwenye pakiti. Utapewa na foliki asidi (vitamini ya kupunguza madhara yake), utapimwa damu na ini, na pombe ya mnazi iweke kando. Mkitaka mtoto semeni kwanza, na mwanamke mjamzito haimezi kabisa.

Yule yule: Ninunue vitamini D ya mifupa?

Usinunue kabla ya kupima kalsiamu kwenye damu, ugonjwa huu wenyewe huwa unaipandisha na jua la Malindi linaongezea.