Skrubu ya M3 (kipenyo cha mm 3) iliyolika kichwa kwenye chombo cha alumini

Usikimbilie drili. Chumvi ya hapa Mombasa huunganisha skrubu ya stenlesi na alumini kwa kutu nyeupe, kwa hiyo legeza kwanza hiyo: tone la mafuta ya kupenya, liache usiku kucha, kisha lifute kabisa kabla ya kutumia moto. Gusisha ncha ya chuma cha kulehemia risasi kwenye kichwa dakika 1 au 2. Kwa joto, alumini hutanuka zaidi kuliko chuma, na gundi ya kufungia nyuzi za skrubu, kama ilipakwa, hulainika.

Kichwa kikiwa juu, kibane kwa plaizi ya kujifunga. Kikiwa kimezama, gongea bisibisi ya namba kubwa kidogo kwa nyundo ndogo, halafu zungusha huku ukikandamiza kwa nguvu.

Ikigoma, toboa kwa biti ya 3.2 mm, katikati kabisa, hadi kichwa kitoke. Mkazo ukiisha, toa kifuniko kilichobanwa na skrubu hiyo; kipande kilichobaki mara nyingi hutoka kwa plaizi. Vile vitolea skrubu vyenye nyuzi za kinyume siviamini kwa M3: ni chuma kigumu, huvunjikia ndani, na biti ya kawaida haivitoboi tena.