Je, Saa za Sokoni na za Kumuuguza Mama Ni Umri Uliopotea?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Ninaishi Moshi. Naamka saa kumi alfajiri, namsafisha mama yangu aliyepooza na kumgeuza asipate vidonda, naswali, kisha nakwenda Soko la Mbuyuni kuuza ndizi hadi jioni. Kaka zangu wawili wako mjini hapa hapa, lakini hawaji ila siku ya Idi. Mhubiri mmoja ametuambia kuwa kila saa isiyo ya msikitini au ya darsa ni umri uliopotea na tutaulizwa. Tangu hapo sina raha. Je, niache biashara?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Usiiache, dada yangu. Swali lako limenihuzunisha, kwa sababu maneno hayo yanawavunja moyo watu ambao wana thawabu nyingi kuliko wanavyodhani.

Mhubiri huyo ameitegemea hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mmoja wa wakusanyaji wa maneno ya Mtume, kwamba nyayo za mja hazitaondoka Siku ya Kiyama mpaka aulizwe umri wake aliumaliza katika nini. Lakini ameikatia njiani, maana inaendelea kuwa mja ataulizwa pia kuhusu mali yake, aliichuma wapi na akaitumia katika nini. Mwenye nguvu anayeacha chumo la halali ili alishwe na watu, swali hilo la pili atalijibu nini? Katika Sura ya Jumua, aya ya 10, waumini wanaamrishwa, swala inapokwisha, watawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu. Na katika Sura ya Nuur, aya ya 37, wamesifiwa watu ambao biashara haiwasahaulishi kumkumbuka Yeye, wala hawakusifiwa kwa kukosa biashara. Tena Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, ni amali ipi inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu, alijibiwa: swala kwa wakati wake, kisha kuwatendea wema wazazi. Kwa dalili hiyo, anayemwambia binti kwamba saa anayomgeuza mama yake kitandani imepotea amesema neno zito bila elimu, na inampasa alifute neno hilo.

Kinachokupasa ni kuchunga swala ndani ya kazi. Wateja wakipungua mchana, mwombe jirani wa meza akuangalizie mzigo, uswali Adhuhuri mapema badala ya kuisogeza mpaka ikutane na Alasiri. Usifiche ndizi zilizochubuka chini ya chane nzuri. Darsa moja kwa wiki, ukidumu nayo, inatosha kukufunza unayoyahitaji, kwani amali inayopendwa zaidi ni ile ya kudumu hata ikiwa kidogo.

Lakini lililonigusa zaidi hukuliuliza. Haki ya mama haikuwekwa juu ya binti peke yake, na kaka zako, maadamu wana uwezo, wanapata dhambi kwa kukuachia mzigo wote. Waite kabla ya Ijumaa ijayo, uwapangie siku zao za kulala kwa mama na sehemu yao ya gharama za dawa, nawe siku hizo ulale usingizi wa kutosha, kwa kuwa mwili wako nao una haki juu yako. Wakikaidi, mwombe imamu wa msikiti wenu awaite mbele ya wazee.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.